Nenda na karatasi kwenye mdahalo: mwongozo kamili kwa mpigakura wa Mwanza

Alasiri moja ya kampeni niliingia kwenye uwanja wa shule ya msingi, upande wa Ilemela, nikiwa nimeshaamua nani nitampa kura ya udiwani. Mgombea wangu alikuwa mtu wa watu. Anajua kuongea, anajua majina ya watoto wetu, na tulipofiwa nyumbani alikuja na turubai na viti bila kuombwa. Nilikwenda pale kumshangilia.

Saa mbili baadaye nilitoka nimebadilika. Aliyenibadilisha ni mama mmoja muuza dagaa aliyesimama na kuuliza: "Baba, hiyo barabara ya kushuka mwaloni utaijenga kwa fungu lipi?" Mwalo ndipo boti za wavuvi hushusha samaki. Mgombea wangu akasema itajengwa, tena kwa lami, na uwanja ukalipuka kwa makofi. Mpinzani wake alikuwa amekunja karatasi mkononi na sauti ilikuwa inamtetemeka. Akasema: "Mama, barabara ile iko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Diwani hajengi barabara. Ninachoweza ni kuibeba kwenye vikao mpaka iingie kwenye mpango wao. Lakini taka za pale, choo na taa, hizo nitawajibika nazo, kwa sababu ushuru mnailipa halmashauri." Hakupigiwa makofi hata na mtu mmoja.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaambia wenzangu kwamba mdahalo unaweza kukubadilisha kwa haki au kwa hila, na tofauti iko kwenye maandalizi yako wewe msikilizaji. Ninachoeleza hapa ndicho ninachokifanya mwenyewe.

Jua kwanza mdahalo una nguvu wapi

Wengi wetu tukisikia neno mdahalo tunawaza urais. Tunakumbuka mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza baada ya kurudi kwa vyama vingi, ambapo Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo walikaa pamoja mbele ya kamera. Au tunawaza jirani zetu Kenya, ambako tarehe 11 Februari 2013 wagombea wanane wa urais walisimama jukwaa moja jijini Nairobi kwa mara ya kwanza.

Lakini ukitazama utafiti, midahalo hiyo mikubwa hubadilisha watu wachache kuliko inavyodhaniwa. Wachumi Caroline Le Pennec na Vincent Pons walichambua midahalo 56 ya televisheni, wengi wa watazamaji wake wakiwa watu wa nchi tajiri. Waligundua kwamba wapigakura wengi hubadili mawazo katika miezi miwili ya mwisho, ila mdahalo wenyewe hauonekani kuwa ndio unaowasukuma. Sababu inaeleweka. Mgombea urais umemsikia kwa miaka. Sura yake iko kwenye kila nguzo ya umeme kuanzia Buhongwa mpaka Igoma. Saa mbili za maswali zitakuongezea nini?

Sierra Leone ilikuwa tofauti. Kabla ya uchaguzi wa Novemba 2012, watafiti walirekodi midahalo ya wagombea ubunge katika majimbo 14, kisha wakaizungusha vijijini na kuionyesha kwenye skrini za sinema ya kutembea. Watu waliotazama walijua zaidi wagombea ni nani na wanasimamia nini, na kura za yule aliyeonekana kufanya vizuri zikapanda kwa takribani pointi 5 za asilimia. Jambo lililonigusa zaidi lilikuja baada ya uchaguzi: wabunge waliopitia midahalo ile walitumia fedha nyingi zaidi za maendeleo jimboni kuliko wale ambao hawakupitia. Walikuwa wameahidi mbele ya watu, na wao wenyewe walijua kuwa watu wameona.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Kadiri kiti kinavyokuwa kidogo na mgombea asivyojulikana, ndivyo mdahalo unavyokuwa na uwezo wa kukubadilisha kwa sababu ya maana. Ukiwa na nafasi ya kuhudhuria mdahalo mmoja tu, chagua wa diwani au wa mbunge. Na pale ambapo ushindani wa kweli uko ndani ya chama, basi swali lako liulizwe mapema, wakati wa kura za maoni. Ukisubiri kampeni utakuwa umechelewa.

Tena sisi watu wa huku tunajua kubadilika. Nyamagana mwaka 2010 ilimwacha Lawrence Masha, aliyekuwa waziri, ikamchukua Ezekia Wenje wa upinzani. Mwaka 2015 ikageuka tena ikampa Stanslaus Mabula wa CCM. Kwa hiyo anayekuambia watu wa Mwanza ni wa kupelekwa kama ng'ombe wa mnadani, mwambie ahesabu upya.

Andika ulipo kabla hujasikiliza

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayobeba nyingine. Usiku wa kuamkia mdahalo, chukua karatasi uandike mambo manne. Nani anaelekea kupata kura yako, na kwa alama ngapi kati ya 10. Kwa nini, kwa sentensi moja ya kweli. Ukiandika "kwa sababu ni mtu wa kwetu" au "kwa sababu alinisaidia msibani," usione aibu, iache hapohapo uione. Shida ipi moja inakubana zaidi. Na la mwisho: nikisikia nini kesho, nitashusha alama za mtu wangu?

Hilo la nne ni gumu. Mimi nililiandika hivi: "Akishindwa kueleza atakachofanya kuhusu taka za soko, nashusha alama tatu." Bila mstari ule nisingebadilika kamwe, kwa sababu moyo una ujanja. Mtu wako akijikwaa utasema amechoka. Mpinzani akijikwaa utasema hafai. Karatasi haina mjomba wala shangazi.

Jua kazi ya kila kiti

Hapa nitakaa kidogo, maana ahadi nyingi zinazotupumbaza ni ahadi za kazi isiyo ya mtu huyo.

Diwani anaingia kwenye baraza la madiwani, ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na ana sauti kwenye bajeti na sheria ndogo za halmashauri. Mambo yake ni ushuru wa soko na mwalo, taka, maeneo ya machinga, zahanati na shule za kata. Mambo yake pia ni ile mikopo isiyo na riba: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Muulize: vikundi vingapi vya kata hii vilipata, na vilivyokosa vilikosa kwa nini? Diwani anayetetea kiti chake akishindwa swali hilo, andika.

Mbunge anatunga sheria, anapitisha bajeti ya taifa, anawahoji mawaziri. Pia anaongoza kamati ya Mfuko wa Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Hela hizo zina hesabu zake. Muulize anayetetea ubunge zilikwenda kwenye miradi gani, na muulize anayewania atazipeleka wapi kwanza.

Barabara za mitaa na vijijini ni za TARURA, barabara kuu ni za TANROADS. Maji ya jiji ni MWAUWASA, ya vijijini ni RUWASA. Ukubwa wa macho ya nyavu na zana zinazoruhusiwa ziwani ni mambo ya wizara, chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake. Kwa hiyo mgombea udiwani akisimama mwaloni Kirumba akaapa kwamba nyavu zilizokamatwa zitarudi wiki ijayo, anakuuzia samaki aliye bado ziwani. Mgombea ubunge akisema atalipeleka suala hilo bungeni na kuibana wizara, huyo anazungumzia kazi yake.

Vivyo hivyo mtu akijisifia daraja la Kigongo–Busisi. Lile ni daraja la kilomita 3, kazi ya serikali kuu, lililofunguliwa Juni 2025. Sote tuliokaa foleni ya kivuko pale tunalifurahia. Lakini anayewania kata asilivae kama koti lake. Aseme yeye alifanya nini.

Kama hakuna mdahalo, uandaeni

Msisubiri televisheni. Kikundi cha vicoba, umoja wa wavuvi, kamati ya wazazi, au msikiti na kanisa vikishirikiana, wanaweza. Barua moja yenye maneno yaleyale iende kwa wagombea wote siku moja. Mapema kabisa mjulisheni msimamizi msaidizi wa uchaguzi wa kata na polisi ili msigongane na ratiba ya kampeni, na pangeni kumaliza kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Mwongozaji awe mtu asiye na kadi inayojulikana. Mwalimu mstaafu hufaa sana. Wekeni saa mezani inayoonekana, dakika mbili kila jibu, swali moja kwa wote, na zamu ya kuanza izunguke. Mashabiki wa pande zote wakae mchanganyiko. Msikubali mgombea yeyote alete turubai, maji ya kunywa au fulana. Takrima, yaani zawadi za mgombea kwa wapigakura, ilishapigwa marufuku na Mahakama Kuu mwaka 2006, na hata isingepigwa, soda ya mgombea inalainisha swali lako.

Swali la ziada liwe haki ya mwananchi. Jibu la kwanza mara nyingi limekaririwa. Ukweli huja kwenye "kwa fungu lipi?" na "kuanzia mwezi gani?"

Na Kisukuma, Kikerewe au Kijita kisikatazwe kwa muulizaji mzee. Apatikane mtu wa kutafsiri. Nimewahi kuona bibi akikaa kimya mkutano mzima, na kumbe alikuwa na swali kuhusu kivuko ambalo hakuna kijana aliyelifikiria. Watu wa visiwani hawauliziani kivuko kwa mzaha. Kuanzia MV Bukoba mwaka 1996 mpaka MV Nyerere mwaka 2018, Ziwa Victoria limetuzikia jamaa wengi.

Siku yenyewe

Kaa mbali na wapambe. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu makofi yanahukumu kabla yako. Mwaka 1984 huko Marekani, Ronald Reagan, akiwa na miaka 73, aliulizwa kuhusu umri wake, akajibu kwamba hatatumia ujana na uchanga wa mpinzani wake kama silaha ya kisiasa. Ukumbi ukacheka, Walter Mondale mwenyewe akacheka. Miaka mingi baadaye wanasaikolojia waliwaonyesha watu mdahalo ule, wengine pamoja na kicheko cha ukumbi, wengine bila kicheko. Waliotazama bila kicheko hawakumwona Reagan mzuri kiasi kile. Maneno ni yaleyale, watu wa kuyashangilia tu ndio waliondolewa. Fikiria sasa uwanja wetu, ambako nusu ya wanaopiga vigelegele wameletwa na gari la mgombea.

Kama mdahalo unarushwa hewani, redio ina faida yake: hakuna suti wala tabasamu, kuna maneno. Huku kwetu redio inafika mahali televisheni haifiki, ikiwemo kambi za wavuvi. Lakini redio nayo ina mtego, kwa sababu sauti nzito huonekana kama akili nzito.

Gawanya karatasi kwa jina la kila mgombea. Kila jibu lisikilize kwa vipimo hivi: amesema atafanya nini hasa, ni kazi ya kiti anachokitaka, fedha zitoke wapi, na lini. Jibu lenye vyote vinne ni adimu kama sato mkubwa siku hizi. Lenye viwili ni jema. Weka alama ndogo, usiandike hotuba.

Halafu tazama mambo ambayo hayakaririwi. Akiulizwa asilolijua, anasema "silijui, nitalifuatilia" au anaimba jina la chama? Akimzungumzia mpinzani, anasema kosa la kazi yake au ukoo wake, dini yake, mke wake? Mtu anayemtukana mwenzake mbele yako akiwa anakuomba kura, siku ukimdai barabara atakutukana wewe. Na mwangalie anavyomjibu muulizaji mnyonge: mama ntilie, kijana wa bodaboda, mwenye ulemavu. Kwangu mimi kipimo hicho kina uzito kuliko takwimu zote alizokariri.

Usimshushe mtu kwa kigugumizi, kwa lafudhi ya Kisukuma wala kwa kusoma kwenye karatasi. Kitini ataketi kusoma makaratasi, hatakuwa jukwaani kila siku.

Usiku ule, simu pembeni

Mdahalo ukiisha, jaza alama mpya kabla hujazungumza na mtu yeyote. Kabla ya kijiwe cha kahawa, kabla ya kundi la WhatsApp, kabla ya kumuuliza mume au mke. Tarehe 6 Oktoba 1976 Rais Gerald Ford wa Marekani alisema kwenye mdahalo kwamba Ulaya Mashariki haikuwa chini ya himaya ya Wasovieti, ilhali ilikuwa chini yao. Waliohojiwa usiku uleule wengi hawakulitilia maanani. Baada ya magazeti na televisheni kulirudia kosa hilo siku iliyofuata, maoni yaligeuka, Jimmy Carter akaonekana mshindi kwa mbali. Watu walewale, mdahalo uleule. Kilichobadilika ni walichoambiwa wameona.

Sisi tuna video za sekunde thelathini. Mtu anakata mahali mgombea alipokohoa, anaongeza muziki, na asubuhi kata nzima inasema alikosa jibu. Kama ulikuwepo na karatasi yako inasema alijibu, iamini karatasi.

Siku tatu za kuhakiki

Usiamue usiku ule. Chagua madai mawili, si kumi, yaliyokugusa zaidi, moja la kila mgombea, uyafuate kwa miguu. Amesema zahanati imekamilika? Nenda ukaone kama kuna dawa na mhudumu au kufuli tu. Amesema kikundi cha vijana kilipewa mkopo? Mtafute mwenyekiti wake. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi kuhudhuria na kusikiliza. Ukiuliza kwa adabu, mtendaji wa kata au mwenyekiti wa mtaa atakueleza jambo fulani liliwahi kufikishwa au halikuwahi.

Mimi nilifuata dai moja tu, lile la ushuru. Nilishuka mwaloni saa kumi na moja alfajiri, wakati boti za dagaa zinarudi na karabai zake, nikawauliza wachuuzi watatu wanalipa nini na wanapewa risiti gani. Walichonieleza kilifanana na maneno ya yule aliyekuwa akitetemeka. Alama zikapanda kutoka 4 hadi 7.

Asipokuja

Kiti kitupu nacho kinasema, ila usikisomee zaidi ya kinachosema. Mwaka 2016 Museveni hakutokea kwenye mdahalo wa kwanza wa Uganda, akaja wa pili, akatangazwa mshindi. Kenya mwaka 2017 Raila Odinga aliongea peke yake kwa kuwa Uhuru Kenyatta hakufika. Mwaka 2022 Raila ndiye aliyekosa, William Ruto akabaki peke yake na waongozaji. Anayejiona yuko mbele mara nyingi huona hana la kuongeza. Kwa hiyo kutokuja si ushahidi kwamba hajui kitu. Ni ushahidi kwamba amepima akaona kukujibu wewe ni hasara kwake.

Fanya hivi: chukua maswali yaleyale, mfuate kwenye mkutano wake wa hadhara au ofisi ya chama, umpe kwa maandishi. Mpe siku tatu. Akijibu, mpime kama wenzake. Asipojibu, sehemu yake ya karatasi ibaki wazi, na uwazi ule uuhesabu.

Kupima na kuamua

Sasa weka karatasi mbili pamoja, ya kabla na ya baada. Soma ule mstari wa nne ulioandika. Je, kilichotokea ni kile ulichosema kitakubadilisha, au umebadilishwa na kitu kingine: kicheko, suti, jirani? Ikiwa ni kile, badilika bila hofu. Ikiwa ni kingine, jirudishie alama zako za mwanzo na usubiri.

Mdahalo usiufanye mizani yote. Mtu aliyekaa kitini miaka mitano ana kazi inayoonekana kwa macho, na saa mbili nzuri hazifuti miaka mitano mibovu. Wala saa mbili mbovu hazifuti miaka mitano mizuri. Kwa anayewania mara ya kwanza, hapo mdahalo uupe uzito mkubwa, maana ni sehemu kubwa ya ushahidi ulio nao.

Usimlazimishe mtu nyumbani kubadilika nawe. Mweleze mkeo, mumeo au mwanao ulichosikia, mwachie karatasi aisome, basi. Kura yake ni siri yake, na wewe hudaiwi kumwambia mtu yeyote kijiweni kwamba umehama. Yule ndugu wa turubai bado ni jirani yangu. Nilimpigia kura mwenzake na siku ya msiba wake nilikuwa wa kwanza kufika na viti.

Karatasi zenyewe usizitupe. Zikunje uziweke pamoja na kadi ya mpigakura. Walio vijijini, Ukerewe, Sengerema au Magu, wana mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu. Walio mjini wana mikutano ya mtaa. Ya kwangu niliitoa kwenye mkutano wa kwanza diwani mpya alipofika, nikamsomea maneno yake mwenyewe kuhusu taka, choo na taa. Mama wa dagaa alikuwa amekaa mstari wa mbele. Akanyoosha mkono kabla sijamaliza, akauliza ni mwezi gani.